Karatasi Moja, Pande Zote Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mtihani wa hesabu, kalkulasi ya vigeu vingi, ni Ijumaa. Nimeshaufeli mara mbili. Nikifeli tena chuo kinanifuta, na nitabaki ofisi ya upimaji ardhi, nimeshika fimbo mlimani huku wengine wakichungulia darubini na kuitwa wapimaji. Miaka kumi na saba! Mimi si mlingoti.

Binti wa dada yangu tunasoma darasa moja. Anakaa mbele. Leo kaniambia mbele za watu kwamba Mjomba nikitaka atanifundisha. Nimemkumbusha nani alimbadilisha nepi. Darasa zima lilicheka. Sina hakika walimcheka nani.

Jumanne, 4 Machi

Mhadhiri kabandika tangazo. Ruksa kuingia na karatasi moja ya maelezo, pande zote mbili. Nikamuuliza kwa adabu, moja tu? Akasema moja tu. Ukubwa hakutaja! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Mtunza stoo wa ofisini kanipa karatasi ya kuchorea ramani. Imefunika kitanda chote, ikabaki ya kuning'inia. Siku mbili nimenakili kozi nzima, mpaka kidole kimeota sugu. Mke wangu kauliza tutalala wapi. Nimemwambia wasomi hulala popote. Kalala kwa mama yake.

Mpwa wangu kapita kusalimia. Kasema kwa muda niliotumia kunakili ningekuwa nimeshaelewa. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mhadhiri alisoma tangazo lake mwenyewe mara mbili, akaniruhusu. Sheria ni sheria! Ila dawati halikutosha, akaamuru karatasi ibandikwe ukuta wa nyuma. Nyuma ya mgongo wangu.

Swali la kwanza: kilima hiki hapa kwa fomula, mtu kasimama hapa, aelekee wapi apande penye mwinuko mkali zaidi? Magoti yangu yalijua kabla sijamaliza kusoma. Nikaandika. Halafu nikashtuka, mbona rahisi hivi? Nikageuka kuhakikisha. Karatasi ilikuwa na alama ya kutoa. Nikafuta jibu langu, nikaweka la karatasi. Maswali yote nilikwenda hivyo hivyo. Shingo haigeuki tena upande wa kushoto.

Jumatatu, 10 Machi

Thelathini na nane. Kupasi ni arobaini.

Mhadhiri kaniita ofisini. Kasema majibu niliyoyafuta bado yanasomeka, na yote ni sahihi. Makosa yote niliyachomeka mwenyewe wakati wa kunakili, hata ile alama ya kutoa, kwa hiyo mtu wangu hapandi kilima, anateremka. Kanipa mtihani wa marudio, baada ya wiki mbili, wa mwisho kabisa. Kanisihi niingie mikono mitupu.

Mpwa wangu alikuwa ananisubiri mlangoni. Hakunicheka. Kasema Mjomba, hesabu zimo kichwani mwako, miaka yote hiyo mlimani hukusimama bure. Nilikaribia kulia, nikasingizia vumbi.

Njia nzima nimewaza maneno yao. Nakubali, nilikosea. Herufi zilikuwa kubwa mno na karatasi ilikuwa mbali mno.

Tangazo jipya linasema karatasi moja, ya A4. Ukubwa wa herufi halikutaja! Fundi saa kakubali kuniazima kioo chake cha kukuzia, kile cha jichoni.