Nimeendesha Roboti ya Watu

Jamani, leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kujikwaa barabarani ukajifanya ulikuwa unakimbia. Hii ni aibu ya ukumbi mzima, na mama yangu mzazi amekaa safu ya pili.

Kwa msionijua, nipo kidato cha tatu hapa Kibaha, nakaa kwa shangazi, na tangu mwaka uanze nipo kwenye timu ya roboti ya shule. Niliingia kwa ubishi. Kuna mvulana darasani alisema wasichana tutakimbia tukiona kifaa cha kulehemu. Siku ya kwanza nikaungua kidole, nikapiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja mbio. Siku ya pili nikarudi na plasta. Sasa hivi mimi ndiye dereva wa timu. (Ndiyo, dereva. Naendesha kwa simu. Endeleeni kusoma, mtanidharau vizuri huko mbele.)

Leo yalikuwa mashindano. Fainali: sisi na timu ya Kisarawe. Mshindi anakwenda kuuwakilisha mkoa. Mimi kwetu ni Mzenga, Kisarawe hiyohiyo, kwa hiyo nilikuwa nacheza dhidi ya nyumbani. Mama alitoka huko alfajiri, kaacha mihogo yake haijamenywa, kuja kuona "hicho kidude kinachokufanya usipige simu."

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kila timu ina njia yake sakafuni, mwisho wa njia kuna vikopo kumi. Roboti inavisukuma mpaka kwenye duara. Dakika tatu. Mwenye vingi kashinda.

Tatizo la kwanza: vifaa tulipewa sawa timu zote, kwa hiyo roboti zinafanana kama mapacha. Yetu tuliitambua kwa kibendera cha kitenge. Asubuhi jaji akasema vibendera vinazidi kimo kinachoruhusiwa, vitoke vyote. Vikatoka.

Tatizo la pili: simu ya kuendeshea ikaisha chaji. Nikakimbilia kwa mwalimu wetu, Mwalimu Komba, kuazima ya kwake, yenye kioo kilichopasuka. Nikawa pembeni nahangaika kuiunganisha. Kumbe huku nyuma jaji amebadilisha njia: sisi kushoto, Kisarawe kulia. Upendo, fundi wetu wa nyaya, akaiweka roboti yetu kushoto. Mimi sikusikia kitu.

Kwenye simu yakatokea majina mawili yanayofanana kabisa. Nikajiambia, aah, ni huu ufa wa kioo unanionyesha vitu viwili viwili. (Akili za kidato cha tatu hizo.) Nikabonyeza la juu. Ikakubali.

Filimbi!

Nikabonyeza mbele. Roboti ya kulia ikaondoka kama imetumwa. Ya kushoto, kimya. Nikamtazama dereva wa Kisarawe, kaka mmoja mpole anaitwa Idrisa, anabonyeza simu yake mpaka jasho linamtoka. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika, "Pole kaka, ndiyo mashindano!"

Mungu nisamehe.

Jamani, niliendesha! Kikopo cha kwanza, cha pili, kona, rudi, cha tano. Haijawahi kunitii hivyo tangu tuiunde. Upande wa Kisarawe wanapiga vigelegele, nikasema moyoni, watu wa kwetu wana roho nzuri, wananishangilia na mpinzani ni mimi. Upendo naye anaruka akipunga mikono, "Siyo hiyo! Siyo hiyo!" Kwa zile kelele mimi nikasikia "Ndiyo hiyo!" Nikamjibu, "Ndiyo hiyoooo!"

Vikopo kumi, na sekunde zimebaki.

Kama ningeishia hapo, ingekuwa afadhali. Sikuishia. Niliruka ile kamba ya kuzuia watu, nikainyanyua ile roboti juu, nikazunguka nayo, nikaibusu. Nikaibusu tena. Nikamwonyesha mama.

Ndipo Idrisa akaja taratibu, kama mtu anayekuja kutoa pole msibani. "Dada, samahani. Naomba roboti yetu."

Nikaigeuza. Chini yake pameandikwa jina la shule yao, kwa herufi kubwa.

Ukumbi ulicheka mpaka kuna mzee akatoka nje kupumua. Mimi nilitamani sakafu ifunguke, lakini sakafu za Kibaha ni imara.

Majaji wakaita timu zote mbili. Mmoja, mama wa miwani, akasema tunaweza kuondolewa kwa kuingilia chombo cha wenzetu. Upendo akaanza kulia. Hapo aibu ikaniisha ghafla. Nikasema, "Mheshimiwa jaji, naomba nieleze. Hivi vifaa vya mawasiliano vinatoka dukani na jina moja na namba ya siri moja. Kubadilisha jina ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya. Kosa ni langu, siyo la timu."

Jaji akamgeukia Idrisa. "Nyie mna vikopo kumi. Mnavitaka?"

Idrisa akatikisa kichwa. "Hatukuvisukuma sisi. Turudie."

"Unaweza kurekebisha hilo jina sasa hivi?" jaji akaniuliza.

Nikakaa chini, mbele ya watu wote, kompyuta ya Mwalimu Komba mapajani. Vidole vinajua njia. Yetu nikaiita MZENGA. Nikamwambia Idrisa alete na yao. Nikamuuliza, tuiiteje? Akasema, "Andika USIGUSE." Nikaandika.

Tukarudia. Idrisa siyo mchezo, alinikimbiza mpaka sekunde ya mwisho. Vikopo tisa kwa vinane.

Vyetu tisa!

Safari hii sikumbusu mtu. Nilisimama tu nalia kama mtoto, Upendo kanikumbatia, Mwalimu Komba anajifanya anafuta miwani. Yule jaji akanishika mkono, akasema wengi wanajua kuendesha, wachache wanajua kwa nini imeharibika. Kisarawe wote wakapiga makofi, Idrisa wa kwanza.

Nikamkimbilia mama. "Mama, umeona?"

"Nimeona mwanangu." Akanifuta machozi kwa ncha ya khanga, anatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Hongera sana. Ila ile ya wenzenu uliiendesha vizuri zaidi."

Haya, chekeni mmalize. Na mkimaliza mjifunze: kabla hujambusu mtoto mbele za watu, mgeuze kwanza uhakikishe ni wako.