Msimamizi wa Nyumba Hii Ni Nani?

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mke wangu, fundi cherehani, amepata programu ya kuchorea nguo. Shule ya jirani inataka michoro ya sare mpya kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Wakiipenda, kazi ya mwaka mzima ni yake. Akasema amwite Miwani aje kuiweka kwenye kompyuta. Miwani! Fundi kompyuta aliyesoma naye sekondari, anayefuta miwani yake polepole ili atazamwe. Nikamwambia mume yupo. Nikabonyeza. Ikaandika: "Huna ruhusa ya kuweka programu hii. Wasiliana na msimamizi."

Sina ruhusa! Mimi! Kwangu!

Jumanne, tarehe 5
Nimeizima na kuiwasha mara saba. Nimeipangusa vumbi. Nimeikaripia. Huna ruhusa. Mama mkwe, anayeishi nasi, akauliza yule kijana mwenye adabu, Miwani, mbona siku hizi haonekani. Nikamjibu amesafiri, mbali sana, na kurudi kwake hakujulikani. Nilijiona mjanja.

Jumatano, tarehe 6
Mke wangu amekutana na Miwani kwa muuza vifungo. Hajasafiri. Hata mpango hana. Amemtumia mama salamu, na mama kazipokea kwa mikono miwili. Mke wangu alirudi mezani kwake. Alikata kitambaa tu, na mkasi ulikuwa na kelele kuliko kawaida.

Alhamisi, tarehe 7
Nimegundua! Kompyuta ikiwaka huonyesha majina mawili: Nyumbani, tunalotumia sote, na chini yake Msimamizi, lenye kufuli linalodai neno la siri. Na ni nani aliyekuja kuipanga miaka miwili iliyopita? Miwani! Ana mlango wake ndani ya nyumba yangu, na ufunguo anao mwenyewe. Damu imenichemka. Nimejaribu jina lake. Nimejaribu la mke wangu. Nimejaribu, Mungu anisamehe, majina yao yakiwa yameunganishwa. Limekataa. Hilo la mwisho lilinifurahisha kidogo.

Ijumaa, tarehe 8
Nimemwita mwenyewe, nimuumbue mbele ya watu. Nikawaketisha wote sebuleni. Nikamuuliza, kwa sauti ya hakimu, msimamizi wa kompyuta hii ni nani. Akafuta miwani. Akabonyeza maandishi madogo chini ya kufuli, ambayo sikuwahi kuyaangalia, yanayosema "Dokezo la neno la siri". Akasoma kwa sauti: "Ili Miwani asiguse."

Nikakumbuka yote. Siku ile Miwani alipoipanga, mke wangu alicheka utani wake mara tatu. Nilihesabu. Alipotoka tu nikajipa usimamizi, nikapiga kufuli. Nilikumbuka kila kitu isipokuwa neno lenyewe.

Mama mkwe alicheka mpaka akashikilia kabati. Miwani akaifungua kwa njia anazozijua yeye, dakika kumi, akaiweka na programu, akakataa hata chai. Anajifanya mwema! Mke wangu hakucheka. Aliniuliza taratibu kama kuna siku amewahi kunipa sababu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaapa: wivu basi.

Jumamosi, tarehe 9
Michoro imetumwa saa tano. Mke wangu ameimba jikoni. Mimi ni mtu mpya.

Jumapili, tarehe 10
Mke wangu ameletewa barua pepe. "Mpendwa, tunafurahi kuwa nawe. Tuko hapa kwa ajili yako saa zote. Wako, Mshauri wa Programu." Mpendwa! Saa zote! Wako! Na aliisoma akitabasamu. Anasema hutumiwa kila mteja. Ndivyo wanavyoanza. Walipotoka na mama kwenda kwa jirani, nikabadilisha maneno ya siri, la Msimamizi na la Nyumbani, yote mawili yawe neno moja. Refu. Gumu. Sikuliandika popote, maana karatasi huokotwa.

Jumatatu, tarehe 11
Shule imepiga simu, michoro wameipenda! Wanataka kola tu irekebishwe, irudishwe kabla ya saa sita. Sasa ni saa tano na nusu. Mke wangu amekaa mbele ya kompyuta, ananingoja nije kuifungua. Mama mkwe kavuta kiti. Nimeomba dakika mbili, naandika haya chooni. Dokezo linasema: "Unalijua mwenyewe."

Lilianza na herufi kubwa. Hilo nina hakika.