Nisisumbuliwe, Ninachaji

Jumatatu, 3 Machi
Mkono umetulia! Kifaa walichonipandikiza kifuani, chenye nyaya mpaka kwenye ubongo, kimekomesha tetemeko. Nilichagua cha kuchajiwa. Fundi cherehani jirani, tuliyepasuliwa naye hospitali moja, alichagua kisichochajiwa. Betri yake ikiisha, miaka michache ijayo, atapasuliwa tena abadilishiwe. Nimempa pole. Akasema yeye angalau halali na chaja kama simu.

Baba mkwe, mwenye saluni, anakuja tarehe 22. Nikimnyoa ndevu bila kumkata, ananirudishia ufunguo na ukinyozi wangu. Nikishindwa, basi tena.

Jumanne, 4 Machi
Ugunduzi mkubwa: anayechaji haoshi vyombo! Ila chaja ikiteleza tu kifuani inapiga kelele, lazima ukae wima kama unapigwa picha ya pasipoti. Halafu kuna rimoti inayoonyesha betri. Mke wangu akaisoma: imejaa. Nikaosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi
Rimoti nimeificha ndani ya kiatu cha zamani. Chaja nimeizima, nikaiweka kifuani, nikalala chali. Usingizi mtamu. Mke wangu akanipa pole, akasema kifaa hiki kinakula umeme kweli. Fundi cherehani nimemwona dirishani akisugua sufuria. Nikampungia mkono, ule uliopona.

Ijumaa, 21 Machi
“Nimechaji” asubuhi na jioni. Nimekwepa soko, pasi na maongezi ya shemeji. Vidole vinachezacheza. Furaha ya kesho hiyo.

Jumamosi, 22 Machi
Aibu! Baba mkwe kitini, povu mpaka masikioni. Mkono ukaanza, brashi ikamwingia puani. Wembe sikuugusa. Mke wangu akauliza imekuwaje, na mtu anashinda akichaji? Nikalaumu umeme. Akapekua nyumba, akaipata rimoti kiatuni: betri imekwisha kabisa. Akaitwa fundi cherehani, akamnyoa mzee hadi kidevu kikang'aa. Ufunguo kapewa yeye autunze. Nimelia, sifichi.

Jumapili, 23 Machi
Nimechaji kweli, wima, nikipigwa jicho na mke wangu. Mkono umetulia. Baba mkwe kasema nitajaribu tena mwezi ujao. Mke wangu kaniuliza kama nimejifunza. Nikamwambia sana.

Kesho nakwenda kwa daktari. Nitamwomba anibadilishie, aniwekee kisichochajiwa, kama cha fundi. Mke wangu haambiwi. Chaja nitabaki nayo.