Vita vya Delmar Wojta na Povu, na Jinsi Glasi Moja Ilivyojazwa

Sogeeni, enyi mliokula na enyi mnaosubiri kuitwa mezani, lazeni simu zenu kifudifudi na mtege masikio, kwa maana inakuja habari kubwa: habari ya Delmar Wojta, Mpeleka Barua Asiyezuiwa na Theluji, Bwana wa Sufuria Mbili, na vita alivyovipigana ndani ya banda lake la gari mjini Sheboygan, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Aprili, tangu saa sita ya mchana hata saa tisa na ushei. Wako wanaosimulia habari za wafalme na ngome zao, nami wafalme nawaachia wao. Hii ni habari ya bia.

Huyu Delmar alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima na mkono wa birika, na kwa muda wa miaka kumi na tisa alikuwa akijipikia bia jikoni mwake, akiitia katika chupa, na katika kitako cha kila chupa yakijilaza mashapo ya hamira. Na kila Krismasi na kila Pasaka chupa moja iliwekwa mbele ya baba mkwe wake, Alois Brandl, Mjaza Mapipa, aliyesimama miaka thelathini na minne katika kiwanda cha bia cha mji ule mpaka siku kilipofungwa. Naye Mzee Alois aliinua ile chupa, akaitazama penye mwanga, akayaona mashapo yakizunguka, akapiga funda moja la adabu, kisha akanena, "Asante, Delmar, nimeshiba." Halafu akaomba maji.

Sasa mzee alikuwa anahama. Nyonga zake zilikuwa zimeikataa baridi ya ziwa, na Jumapili asubuhi angepanda ndege kwenda Arizona kwa binti yake mdogo, safari isiyokuwa na tikiti ya kurudi. Delmar alimpenda sana yule mzee, wala hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, hata mkewe. Alitaka kitu kimoja tu kabla ndege haijaruka: amwone mzee akimaliza glasi ya bia aliyoipika yeye, Delmar, glasi moja, mpaka chini.

Kwa hiyo mwezi wa Machi alisimama mbele ya sinki la jikoni, akainua mwiko, akaapa.

"Nisikilizeni, enyi vyombo na masufuria! Tangu leo sitajaza chupa tena. Nitaitia bia yangu katika pipa la chuma, niisukume kwa gesi, itoke bombani ikiwa safi, bila chembe ya mashapo. Na Baba ataimaliza glasi yake, ama mimi si mwana wa Wojta!"

Mkewe Renata, muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, mwanamke asiyetishika kwa hotuba, hakugeuza hata shingo.

"Mwana wa Wojta, hivyo vyombo haviogopi maneno. Vioshe. Na hilo pipa ni hela ngapi?"

"Kidogo, mke wangu."

"Kidogo cha watu au kidogo chako?"

"Changu."

"Haya. Hicho nakijua, hakitufilisi."

Ndipo shujaa alipotoka kukusanya silaha. Pipa alilipata kwa muuza vyuma chakavu, pipa la mitumba la galoni tano lililokuwa la kampuni ya soda, lenye kishimo ubavuni kana kwamba limewahi kupigwa teke na punda. Alipolifungua likamtolea harufu ya soda ya mizizi, tamu na yenye kung'ang'ania, kwa sababu harufu ile huingia ndani ya washa za mpira na haitoki hata kwa maombi. Akazing'oa washa zote tano bila huruma, akatia mpya. Mtungi wa gesi, ile itiayo mapovu katika soda, alipewa na fundi wa kulehemu aliyestaafu. Friji ilikuwa ya marehemu shangazi yake Hedwig, ya rangi ya parachichi, inayonguruma kama mtu mwenye mafua. Ikabaki kununua mpira mwembamba wa kuipitisha bia kutoka pipani hadi kwenye kibomba, nao huuzwa kwa futi.

"Nikukatie futi ngapi?" muuzaji akauliza.

Delmar akakumbuka umbali wa pipa na mlango wa friji, akapima hewani kwa viganja, akajibu kwa fahari, "Mbili. Ya nini kununua mpira wa kukaa bure?"

Muuzaji alifungua kinywa kutaka kusema neno, lakini Delmar alikuwa ameshatoa pochi, na mtu wa namna ile akishatoa pochi hakatizwi. Hapo ndipo adui alipoingia nyumbani, akiwa amefungwa katika mfuko wa karatasi.

Basi akaijaza bia katika pipa. Siku ya kwanza gesi ilivuja. Akapaka maji ya sabuni kila kiungo, akaona mapovu madogo yakichungulia kwenye kifuniko, akakivuta kifuniko, kinachokaa kwa ndani, kwa nguvu huku akifungulia gesi mpaka kikakaa sawasawa, nayo mapovu yakakoma. Akaiacha bia katika baridi kwa majuma mawili, asiiguse mtu. Mashapo yakatua chini, akayatoa kwa glasi ya kwanza kabisa, maana pipa lile hunyonya kutoka chini, akaimwaga asiionje wala kuitazama, akafunga mlango wa friji kwa taratibu kama anayelaza mtoto.

Hata ilipofika Jumamosi ile, saa sita ya mchana, Delmar aliingia bandani kufanya jaribio. Akaosha glasi, akaikausha, akaiinamisha kama inavyopasa, akabana kile kibomba cheusi cha plastiki.

Povu! Povu jeupe, nene, lenye kiburi, likaijaza glasi, likaupita ukingo wake, likateremka mkononi na kuingia katika mkono wa shati. Akangoja litulie. Lilipotulia, ndani ya glasi mlikuwa na bia ya kimo cha ukucha. Akashusha kipimo cha gesi kutoka kumi na mbili hadi sita, likaja povu. Akaishusha hadi mbili, likaja povu la polepole. Akapandwa na hasira, akaipandisha hadi ishirini, na povu likaruka likampiga kwenye miwani. Saa saba ikapita, saa nane ikagonga, na ndoo iliyokuwa miguuni pake ilikuwa imefika nusu. Jasho lilimtoka Delmar, na moyoni aliogopa kweli, kwa maana aliiona tayari ile sura ya mzee yenye adabu, na alilisikia tayari lile neno la kushiba.

Renata akatokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Unagombana na nani humu?"

"Na Povu, mke wangu! Limenijia na majeshi yake yote. Nimelipunguzia gesi halikushukuru, nimeliongezea halikuogopa. Niache nife nalo hapa hapa, uwaambie watu sikukimbia!"

"Nitawaambia ulikufa umelowa. Baba anafika saa tisa, unajua?" Akasogea, akachungulia ndani ya friji. "Huo mpira una urefu gani?"

"Futi mbili kamili."

"Delmar."

"Nini?"

"Delmar jamani. Mimi kazini nashinda na mipira mchana kutwa. Ukimwekea mgonjwa mpira mfupi, kinachopita kinakuja mbio. Ukiweka mrefu na mwembamba, kinachoka njiani, kinafika na adabu zake. Bia yako inasukumwa na gesi, halafu umeipa futi mbili tu. Inafika kwenye glasi bado inakimbia! Lazima itoe povu. Ipe safari."

"Safari ya futi ngapi?"

"Kumi hivi."

"Kumi!" akalia shujaa, na mkono wake ukaenda wenyewe kuishika pochi.

Akapiga simu dukani. Mashine ikamjibu kwa sauti ya uchangamfu kwamba mwenye duka amekwenda kuvua samaki, atarudi Jumatatu.

"Basi nenda kwa Lyle," Renata akasema. "Yule hajui kutupa kitu. Hata kamba za viatu vya babu yake anazo."

Loo! Afadhali angeambiwa aende kwa joka. Lyle Schmitz, jirani wa upande wa pili wa ua, Mlinzi wa Chupa, naye alikuwa mpika bia, na tangu Machi alikuwa akilicheka pipa la Delmar mbele za watu, kanisani na kwenye mchezo wa kuvingirisha tufe, akisema kwamba pipa ni la watu wavivu wa kuosha chupa. Hata hivyo Delmar alivuka ua, ameloa, ananuka kimea, akasimama mbele ya jirani yake aliyekuwa akisafisha jiko la mkaa.

"Eh! Mpeleka barua amekuja bila barua," Lyle akasema. "Na hilo shati vipi? Siku hizi bia mnaioga?"

"Lyle Schmitz, jirani yangu na mpinzani wangu! Nimekuja kwako bila silaha na bila kiburi. Nahitaji mpira mwembamba, futi kumi, na ninauhitaji sasa."

"Pipa limekushinda, sema."

"Limenishinda."

Lyle hakutegemea jibu hilo. Akaiweka chini ile brashi. Lakini ulimi wake ulikuwa bado na hamu. "Mpira ninao. Ila glasi ya kwanza naionja mimi, hapo hapo bandani kwako, niseme mwenyewe kama pipa ni kitu."

Delmar akaitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa imebaki nusu saa. Aliponena tena, hotuba ilikuwa imemwisha kinywani.

"Ya kwanza ni ya Baba. Kesho anaondoka, Lyle. Miaka kumi na tisa nampa bia yangu na hajawahi kuimaliza. Wewe chukua ya pili, chukua ya tatu, chukua pipa zima ukitaka. Ya kwanza siwezi."

Lyle akaingia ndani. Akarudi na mfuko wa nailoni ambao haujafunguliwa, na ndani yake mpira mpya umejikunja.

"Huu niliununua miaka minne iliyopita," akasema akitazama pembeni. "Nilitaka pipa na mimi. Nikaogopa nitachekwa. Usimwambie mtu."

"Mimi ni kaburi."

"Haya, nenda. Unasimama hapa kama sanamu na mzee wa watu anakuja!"

Delmar akakimbia, na wanaomjua watawaambieni kwamba hakuwa amekimbia tangu alipofukuzwa na mbwa wa Mtaa wa Nane. Akachemsha maji, akautumbukiza mdomo wa mpira ulainike, akaungua kidole, akautia katika kiungo, akaufunga kwa kibano, akaukunja mpira wote juu ya pipa, akairudisha gesi kwenye kumi na mbili, akafunga friji ili mpira nao upoe. Alikuwa angali anapuliza kidole alipolisikia gari.

Mzee Alois akashuka na fimbo yake na kofia yake ya kiwanda. Renata akamwekea kiti cha kukunja penye mlango wa banda, pale ambapo watu wa mji ule hukaa kila jua linapopata nguvu kidogo, wakitazama barabara. Lyle naye akaja na kiti chake mwenyewe, akaketi bila kualikwa, akakaa kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Delmar akafungua friji ya rangi ya parachichi. Akashika glasi, akabana kibomba. Kwanza likatoka tone la povu likikohoa. Kisha ikaja bia: ya dhahabu, tulivu, ikiteremka ubavuni mwa glasi bila haraka, ikapanda, ikapanda, na juu yake likakaa povu la vidole viwili, lile linalotakiwa, limetii kabisa. Akampelekea mzee kwa mikono miwili.

Mzee akaiinua penye mwanga. Akaizungusha. Akatafuta, na hakuna kilichozunguka. Akanywa funda moja, asiombe maji. Akanywa la pili. Gari la takataka likapita barabarani, na hakuna aliyegeuka kulitazama. Akanywa taratibu, kama mtu asiye na ndege ya kuwahi, mpaka povu likabaki mistari mistari kwenye kioo, kisha akakipindua kichwa nyuma, akaimaliza. Akapangusa masharubu kwa nyuma ya kiganja. Akautazama ule mpira uliojikunja, akakitazama kidole cha mkwewe kilichovimba, halafu akamgeukia binti yake.

"Renata."

"Naam, Baba."

"Sasa naona umeolewa."

Delmar akaingia nyuma ya friji kutengeneza kitu kisichokuwa kibovu, akakaa huko muda mrefu, mabega yake yakionekana yakitikisika. Renata alimwacha. Lyle alijikohoza, akasema bandani mna vumbi.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za mji wa Sheboygan, baina ya mafuriko na chaguzi za mameya, na wino usibaniwe: ya kwamba siku ile, saa tisa na dakika kumi na saba, mbele ya mashahidi watatu, glasi ya Alois Brandl ilirudi tupu, naye akaisogeza mbele ijazwe tena.