Chai Yangu Hupoa Bila Semina

Kwa Daktari Ondiek,
Mkuu wa Semina za Madaktari na Manesi.

Mheshimiwa Daktari, mwanangu,

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini mimi ni mkubwa kwako, basi nimeitikia kabisa tusipoteze wakati.

Mimi ni Hajati Sumayiya wa Kisenyi, nyuma ya magereji, bibi yake Rashidah, yule aliyejifungua hospitalini kwako mwezi uliopita, mtoto akatoka halii. Shule sikuingia hata kuomba maji. Anayeandika ni jirani yangu Rosebella, Mkenya kama wewe, na nimemwapisha kwa Biblia yake asinipunguzie ukali. Nina malalamiko. Yana namba, kwa sababu Rosebella anasema watu wa ofisi hawaumwi na neno lisilo na namba.

1. Semina yenyewe. Nasikia mlikaa hotelini Bugolobi mkijifunza kupoza watoto wachanga. Kupoza! Daktari, chai yangu hupoa bila semina. Posho yangu, ugali wenu Wakenya, hupoa. Marehemu mume wangu alipoa mwenyewe alipooa mke wa pili, na hakuna aliyepewa cheti. Nyinyi mmekaa kwenye upepo wa mashine, mmekula sambusa, mmemlaza mwanasesere wa mpira mezani, mkampoza mpaka akapona. Kisha mkagawiana pointi kama timu za mpira. Huyo mwanasesere alikuwa anaumwa nini?

2. Nesi Akullo. Alikuwa msichana wa adabu kabla hamjamfundisha. Mtoto wetu alitoka amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa, wakamsukumia pumzi mpaka akavuta. Mimi, kama mtu yeyote mwenye akili, nikaleta shali tatu, kofia, soksi, na chupa ya maji ya moto ndani ya leso. Akullo akaondoa vyote mbele ya macho yangu! Akamlaza mtoto na nepi tu juu ya godoro linalopitisha maji baridi. Ati ubongo uliokosa hewa ukipata joto unazidi kuharibika, na ati lazima waanze kabla masaa sita hayajapita. Nikamwambia mimi nimepokea watoto wa mtaa huu yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake huko Lira. Akanijibu, Jaja, yaani bibi, na huyu nimempokea mimi. Hiyo ndiyo mnaita elimu?

3. Mashine mbea. Chupa niliirudisha kimya kimya, kwa huruma. Mashine ikapiga kelele, ikanichongea. Kumbe mtoto wamemtia waya nyuma, mahali pasipotajwa kwenye barua ya heshima, na waya huo ndio unaopeleka habari za joto lake. Babu wa babu yake alikuwa askari, alikuja na bunduki kutoka Sudani, leo kitukuu wangu ametiwa waya kama redio. Chupa yangu ilitekwa mpaka leo. Naidai.

4. Siku tatu. Kwetu Wanubi mzazi na mtoto wanakaa ndani arobaini, sigiri ina makaa, ubani unafuka, mgeni anatoka jasho kabla hajapongeza. Huyu wangu amelala siku tatu baridi kama samaki wa dukani, na mimi nimesimama nje ya kioo, shali zake zote tatu nimezivaa mwenyewe maana sikuwa na pa kuziweka. Nilitazama kile kifua tu. Kikipanda, na mimi napumua. Halafu mkampasha polepole, polepole, kama mke mpya anayepasha wali wa jana akiogopa kuunguza. Moyo wangu ndio uliounguzwa, na hilo hamkulifundisha hotelini.

5. Hili ndilo baya kuliko yote. Mtoto anaendelea vizuri. Akullo anasema tumrudishe mara kwa mara atazamwe mpaka atembee, maana ubongo hausemi mapema. Lakini Akram, ndilo jina tulilompa, ananyonya kama anayedai deni, na akilia mafundi wa gereji wanazima injini kusikiliza. Sasa nitamwambia nini mtu? Wasichana wa mtaa nikiwaambia leteni makaa, wanauliza Akullo anasemaje. Heshima ya maisha yangu yote mmeimaliza kwa godoro la maji.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, semina za kupoza zifungwe. Badala yake ifunguliwe semina ya kupasha, barazani kwangu, mwalimu mimi. Madaktari waje na mikeka yao. Wewe kama mkuu utavuliwa ubaki na nepi, ulale kwenye saruji siku tatu, na mtu akikuletea shali mashine ipige kelele. Cheti nitatoa, nitatia dole gumba. Pointi ni za atakayelia vizuri.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule mlinzi wa geti aliyenipa kiti. Hata Akullo msalimie. Mwambie amekonda, aje ale.

Ni mimi niliyekukasirikia kama mama,
Hajati Sumayiya (dole gumba)

Nyongeza. Haya anaandika Rashidah, mbio mbio. Barua ilikuwa haijafungwa tulipoitwa. Mdogo wake Rosebella amejifungua sasa hivi kliniki ya huku chini. Mtoto hakulia. Wamempulizia, anapumua, lakini amelegea vilevile kama wetu. Wanawake walikuwa wameshawasha sigiri na kuchemsha maji ya chupa. Sigiri nimeimwagia maji mimi mwenyewe, wamenitukana. Mtoto nimemwacha na shuka moja, joto sikumwongezea, na kumpoza sikujaribu, hiyo ni kazi yenu. Nyinyi ndio mtakaojua kama godoro linamfaa. Namba moja mpaka namba tano, fanya kama hukuziona. Semina barazani ipo, ila mwalimu atakuwa Akullo, mkeka nitatandika mimi. Rosebella ndiye huyo mbele yako, mtoto yuko mikononi mwake. Masaa sita bado hayajapita. Mpokee mtoto, barua itangoja.