Nikilala, Mbweha Wanashinda

Alhamisi, 20 Machi

Junie anaota meno. Mawili ya juu, kwa pamoja, kama yameahidiana. Usiku kucha tumezunguka sebuleni mimi na yeye, yeye analia, mimi nayatazama maua ya zulia. Brant kalala. Mume wangu akilala ni gogo. Nampenda. Asubuhi akaniuliza mbona nimevaa viatu viwili tofauti.

Nataka kulala. Sitaki kingine mwaka huu. Wenzangu wanataka gari.

Tunaishi kwa wazazi wa Brant mpaka tupate pa kwetu. Leo nyumba ilijaa, kwa sababu chuo chetu kidogo cha hapa mjini kimeingia mtoano wa mpira wa kikapu wa nchi nzima. Ukifungwa mara moja tu, unarudi nyumbani. Timu yetu ni Mbweha. Mara ya mwisho Mbweha kufika huko, baba mkwe alikuwa na nywele. Baba mkwe ndiye Verlin. Siku ya mchezo Verlin haogi, hanyoi ndevu, na habari za soksi zake za kijani tuziache.

Mchezo ukaanza mchana. Nikampa Brant mtoto, nikasema nashuka kuweka nguo kwenye mashine. Nikafika chumba cha kufulia, kule chini ya nyumba. Rundo la nguo chafu likanitazama. Nikasema nikae kidogo.

Nikashtuka nyumba inatikisika. Nikadhani tufani. Kumbe Mbweha wameshinda, tena wamewatoa wakubwa ambao kila mtu alishawapa ushindi. Verlin alikuwa analia ndani ya taulo la jikoni. Alipotulia akatukusanya, akauliza nani leo kafanya jambo asilolifanya siku zote. Mama mkwe, Doreen, akasema yeye kapika maharage na mkate wa mahindi, kama kila siku ya maisha yake.

Ndipo wazo likanijia. Nikasema polepole, kama mtu asiyetaka kusema: mimi nililala. Na Brant akabeba mtoto mchezo mzima.

Verlin akanitazama. Akasema ni kweli, huyu hajalala tangu azae.

Amri imetoka. Jumamosi Mbweha wanacheza tena. Lacey, yaani mimi, atalala, Brant atabeba. Mama yangu alinisihi nisiache shule, lakini kuna mambo shule haifundishi.

Ijumaa, 21 Machi

Tatizo dogo. Nimeshuka kufua, nikamkuta Verlin kasimama mlangoni, mikono kaitanua. Akasema nguo hizo hazifuliwi. Nitalala juu yake vilevile nilivyolala jana, kichwa upande wa mashine. Nikamwambia, baba, humo mna nguo za ndani za watu wanne. Akasema ndiyo maana zina nguvu.

Nikamwomba walau kitanda. Usingizi ni usingizi, bahati haijui godoro. Akaniuliza kama nimewahi kushinda chochote maishani. Nikafikiri sana. Niliwahi kushinda bata mzinga kwenye bahati nasibu ya kanisa. Akauliza nilikuwa nimekaa wapi. Karibu na mlango. Na mwaka uliofuata? Mbele. Nikapata bata? Sikupata. Akaenda zake.

Shelby kapiga simu. Ni wifi yangu, dada yake Brant. Kasema Mbweha walipokuwa wanashinda yeye alikuwa anamenya viazi, kwa hiyo wengine tusijione. Mapacha wa Shelby walianza kulala usiku kucha wakiwa na wiki mbili. Huwa ananiambia hata nisipouliza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeshuka na gauni la kulalia, saa nane mchana. Verlin kanishika mkono kwenye ngazi kama bibi harusi. Nikajilaza. Soksi ya kijani shavuni.

Sikulala. Juu namsikia Junie analia, na mimi nikimsikia Junie maziwa yanachuruzika yenyewe. Brant anambembeleza kwa wimbo wa tangazo la matairi, ndio pekee anaoujua wote. Kisha watu wakaguna. Mbweha wako nyuma. Mlango ukafunguka kidogo, Verlin akanong'ona.

"Lacey. Umelala?"

Nikakoroma kidogo.

"Ongeza, binti. Tuko nyuma pointi tisa."

Alirudi tena na tena. Mara ya mwisho alinitikisa bega apate uhakika. Nikasema nimelala. Akanishukuru.

Muda unakwisha, kijana mmoja mwembamba wa Mbweha akarusha mpira kutoka mbali, ukazunguka juu ya kikapu kama unaomba ruhusa, ukaingia. Doreen alivunja sahani. Mimi nikapanda ngazi nikifikicha macho. Brant akanibusu mbele ya watu, akasema mke wangu ni dhahabu. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilikuwa nimechoka mno kuutafuta.

Nimechoka kuliko Alhamisi.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani mchungaji ameombea wagonjwa, wasafiri, na usingizi wa dada yetu Lacey. Watu wote wakageuka. Mzee wa nyuma akaitikia amina kwa nguvu mpaka Junie akaamka.

Bibi wa nyumba ya pili kaniletea mto wa manyoya. Verlin kamrudishia hapo hapo mlangoni. Kamwambia asante, ila tusiichokoze bahati.

Jumanne, 25 Machi

Junie hana nguo safi hata moja. Zote ziko rundoni. Leo kavaa fulana ya baba yake, nimeifunga fundo mgongoni. Rundo linanuka, wala si harufu moja. Ni mkutano.

Lakini Alhamisi msimu wa besiboli unaanza, na huko Cincinnati, mji wetu mkubwa, kuna gwaride. Siku hiyo shule zinabaki nusu, na watu wazima wanaugua homa ya siku moja. Kwenye gwaride hilo ndiko Brant alikonimwagia haradali ya soseji kwenye gauni, akanifuata mitaa mitatu anaomba radhi. Nimemshonea Junie kofia nyekundu kama ya wachezaji. Tutakwenda watatu. Nimeacha hata kuwaza usingizi.

Jumatano, 26 Machi

Siendi.

Verlin kasema wakati wa chakula, huku tambi na mchuzi wa nyama vikipoa. Mbweha wanacheza kesho jioni, mchezo mkubwa kuliko yote. Lacey akitembea kutwa juani, je, akilala usingizi usio wake? Wao watakwenda na mtoto, mimi nipumzike. Nikamtazama Brant. Brant akaitazama jibini juu ya tambi zake. Baadaye chumbani akasema, siku moja tu, mpenzi, na fikiria, nyumba nzima tupu, hakuna wa kukuamsha.

Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mpango umefaulu kuliko nilivyoupanga. Sijui kwa nini nimetia chumvi kwenye kahawa.

Alhamisi, 27 Machi

Wameondoka asubuhi. Junie kaniangalia juu ya bega la baba yake mpaka gari likakata kona. Kofia imemfika puani.

Nyumba kimya. Nikapanda kitandani, kitanda kabisa, chenye shuka. Nikafumba macho. Nikasikia mtoto analia, nikakimbia. Hakuna mtoto. Nikarudi. Akalia tena. Hayupo tena.

Nikawasha televisheni. Farasi, matarumbeta, gari la zimamoto. Halafu nikamwona. Sawa, kofia nyekundu zilikuwa maelfu, lakini moja ilikuwa inatafuna ncha ya bendera, na huyo ni mwanangu. Yuko mbele ya jimbo zima la Ohio na fulana ya baba yake yenye fundo mgongoni.

Nikazima. Nikashuka. Nikafua zote.

Nilifungua redio nisisikie ukimya. Vijana wetu wa besiboli wakaanza kupigwa, wakasawazisha, wakashinda, mimi nakunja vifulana vya Junie. Kisha nikarudisha kila kitu sakafuni, rundo lile lile, umbo lile lile, soksi ya kijani pale pa shavu. Vifulana nikavificha katikati, nivichomoe baadaye. Hakuna atakayejua.

Walirudi jioni, wamechomwa na jua. Doreen akasema nitie kidole mdomoni mwa Junie. Nikatia. Jino limetoka. Limetokea gwarideni, kijiko kilipoligonga kikasema ting, Brant akapiga kelele watu wakadhani anashangilia mpira. Nilicheka nao. Nilimshika mtoto mpaka Verlin akaniambia muda umefika, binti.

Nguo zilikuwa bado na joto la mashine. Zinanukia sabuni. Nikalala usingizi wa pono.

Kilichoniamsha ni kwamba hakuna kilichotikisika. Nikafumbua macho. Verlin kapiga magoti kando yangu, kashika soksi yake, kaiweka puani.

"Sabuni," akasema.

Ijumaa, 28 Machi

Mbweha wamefungwa pointi thelathini na moja. Kijana mwembamba alilia, wamemwonyesha kwa karibu.

Verlin hasemi nami. Anakunywa kahawa na kuutazama ukuta. Shelby kapiga simu kusema jana hakumenya viazi, alinunua vya kukaanga, ila nani anamsikiliza. Brant kamwambia baba yake kwamba ni mchezo tu. Verlin akachukua koti, akatoka.

Nikamfuata kibarazani na Junie mkononi. Nikasema pole, baba, mtoto hakuwa na nguo. Akasema najua. Akasema baba yake mzazi alimpeleka kuwaona Mbweha akiwa kama hivi, akanyoosha kiganja usawa wa goti, na akaapa ipo siku watafika fainali. Akamshika Junie mguu. Akasema, basi, tulikaribia.

Iliniuma moyoni. Nilitaka tu kumpa kitu, chochote. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Lakini baba, besiboli jana walishinda. Na mimi nilikuwa nafua."

Verlin akageuka taratibu. Rangi ikamrudia usoni.

"Ulianza kabla hawajasawazisha, au baada?"

Jumamosi, 29 Machi

Msimu wa besiboli una michezo mia moja sitini na miwili. Sikujua. Unakwisha majani yakianza kuanguka.

Verlin kaleta sabuni ya ndoo. Shelby kaleta nguo za mapacha, mifuko mitatu, kasema anafanya kwa ajili ya timu. Bibi wa nyumba ya pili kaleta mapazia. Nimesimama kwenye mashine mchezo mzima, na redio, na mgongo wangu. Wameshinda. Juu walikuwa wanaliimba jina langu.

Na Junie sasa analala. Tangu jino litoke analala kama baba yake, mchana saa tatu mfululizo, mikono juu, mdomo wazi, kijino kinaonekana. Doreen huja ngazini kunihadithia anavyopendeza.

Lakini nimepata wazo. Leo kijana wetu mmoja alipopiga mpira ukatoka nje ya uwanja, pigo bora kuliko yote, Brant alikuwa ameshuka kuniletea maji, akaokota soksi moja, akaikunja. Moja tu, tena kwa bahati mbaya. Verlin hajui. Kesho kwenye chai nitalisema hilo polepole, kama mtu asiyetaka kusema: kwamba mkono wenye bahati ni wa Brant, mimi nilikuwa nimesimama tu. Yeye atafua, mimi nitajilaza na mwanangu. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Gauni la kulalia nimeshalitoa. Ni safi.