Kiayalandi cha Kumpata Bi Gobnait

Jumanne, 22 Aprili

Nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, mabosi wanne wa gereji ya mabasi nilikofagia, na daktari aliyesema nikiendelea na chumvi sifiki sitini. Meno ya juu nayo yametangulia. Mimi Protas bado nipo! Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Darasa la nne la mkoloni, si mchezo.

Habari kubwa. Bi Gobnait anakwenda kwao Ayalandi, harusi ya mpwa wake, na ana nafasi ya kufuatana na mtu mmoja. Hajasema nani. Ni mjane, mlango wa pili kutoka kwangu, hapa kwenye nyumba za wazee, Kilburn, huku kwa Waingereza. Jengo zima linajua: atakayepanda naye basi pale kituo cha Victoria, huyo ndiye bwana.

Wagombea wawili. Mimi. Na Sadrudin wa Stanmore, mwenye duka mstaafu, Mgujarati mzaliwa wa Lindi, anayekuja kwenye chakula chetu cha wazee na kachori ndani ya kopo la aiskrimu. Kachori! Mimi nina kubwa zaidi. Kila alasiri, chai ikishamiminwa, Bi Gobnait huninong'oneza Kiayalandi, lugha ya mama yake. Nusu saa nzima, macho dirishani. Siambulii kitu. Naitikia tu: mmh, mmh. Sadrudin hajawahi kunong'onezwa hata salamu.

Nimeamua. Nakisoma Kiayalandi, nimjibu. Mwanamke ukimjibu kwa lugha ya mama yake, kwisha habari.

Alhamisi, 24 Aprili

Darasa la kwanza, ukumbi wa kanisa. Wanafunzi kumi, wote wagonjwa wa mapenzi. Kijana mmoja Mwingereza anasomea mchumba wake wa Dublin. Nikamuuliza, mchumba naye anakijua? Akasema hapana, hajui hata neno. Basi mtaongea na nani, nikamuuliza. Akaangalia viatu.

Mwalimu kaachwa na mkewe. Anasema waligombana miaka sita kwa Kiayalandi fasaha. Huyu ndiye anatufundisha!

Akataka tuanze na hali ya hewa. Nikamwambia sikuja kuoa mvua, anipe maneno ya mapenzi. Akasema mapenzi ni muhula wa pili. Nimembana mlangoni mpaka kanipa sentensi moja: wewe ni mzuri sana. Nimeirudia kwenye basi mpaka mama wa kiti cha mbele akashuka.

Jumanne, 29 Aprili

Chakula cha wazee. Sadrudin kapata habari. Akanipigia kelele kwa Kiswahili mbele ya watu: Mzee Protas, shule vipi, yunifomu ushanunua? Nikamwambia acheke tu. Akasema yeye uzee wake hautaki homuweki. Akimpenda mtu anamletea kachori, mtu anakula, basi. Mtu wa duka ni mtu wa duka.

Bi Gobnait kala tatu. Nimehesabu.

Jumapili, 4 Mei

Maendeleo ya ajabu! Leo kwenye chai nimekamata maneno matatu katika minong'ono: mbuzi, mdomo, na Mungu. Mbuzi nilimfahamu kwenye picha za darasani. Nimeyapanga mwenyewe. Bila shaka anamshukuru Mungu kwa mdomo wangu, na baba yake alifuga mbuzi. Nalala na furaha.

Jumatatu, 5 Mei

Siku yenyewe. Nikavaa suti ya mazishi. Chai ikamiminwa. Bi Gobnait akaanza kunong'ona, leo kwa muda mrefu, na chozi likamtoka. Nikangoja apumue. Nikaiachia sentensi yangu: wewe ni mzuri sana! Kwa Kiayalandi safi.

Kikombe kikatua chini kwa kishindo. Akaniuliza, kwa Kiingereza, tangu lini naelewa.

Hapo ningeweza kusema tangu jana, maneno matatu. Lakini Protas huyu si mtu wa maneno matatu. Nikasema: tangu mwanzo, mama. Kila neno.

Akawa mweupe kama sahani. Akasema, basi umesikia yote ya Tomás. Tomás ni marehemu mumewe. Nikasema yote, na kwamba haki ilikuwa upande wake yeye Bi Gobnait. Akasema yeye hata kwa padri hajawahi kuyaungama. Nikamwambia padri mdogo, mimi ndiye mkubwa.

Akasimama, akanifungulia mlango. Nahisi alizidiwa na mapenzi.

Jumatano, 7 Mei

Nimegonga. Akafungua kidogo, mnyororo ukiwa mlangoni. Akasema kichwa kinamuuma. Kwa ndani nikaona koti la Sadrudin! Akafunga, nikatega sikio, nikasikia minong'ono ya Kiayalandi, nusu saa, na mwanamume akiitikia: mmh, mmh. Mmh yangu ile!

Nikamngoja Sadrudin kwenye lifti. Nikamuuliza ana siri gani. Akasema hana. Bi Gobnait alimuuliza kama anajua Kiayalandi, akamjibu hajui hata kidogo na hana mpango. Basi akapewa kiti. Akaongeza kwamba kiti ni kizuri, kina mto.

Nikampigia binti yangu Marcelina, nesi wa Croydon. Kazaliwa hapa, nikisema Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Leo nilipomaliza kumsimulia, Kiswahili kikamtoka chenyewe. Baba, alikuwa anakuambia wewe kwa sababu huelewi! Ulikuwa ukuta wake. Nikamwambia achunge mdomo, baba yake si ukuta. Akasema niende leo hii, nimwambie nilidanganya, najua mbuzi tu.

Eti nikatangaze ujinga! Nikiwa na suti!

Ijumaa, 9 Mei

Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili akafungua kabla sijagonga. Macho mekundu. Akaniuliza taratibu, Protas, niambie kweli, ulielewa? Alishika mlango kwa mikono miwili, kama mtu anayeniomba nikane. Neno lilinifika hapa kooni. Hapana. Neno fupi tu.

Nikasema: kila herufi.

Akatikisa kichwa, akafunga polepole. Hakuupiga mlango. Afadhali angeupiga.

Jumamosi, 10 Mei

Kituo cha Victoria. Nimekwenda kwa bahati mbaya tu, nikapita karibu, na Marcelina akanifuata. Basi la Ayalandi, lile linalovuka bahari ndani ya meli, likaja. Bi Gobnait kapanda na Sadrudin, kopo la aiskrimu mapajani. Kupitia kioo nimeona Bi Gobnait ananong'ona, Sadrudin anaitikia. Halafu zamu ikageuka! Sadrudin ndiye anayesema, kwa kirefu, mkono kifuani, na Bi Gobnait anaitikia mmh. Marcelina akasema hicho lazima ni Kigujarati, lugha ya kwao Sadrudin, na kwamba Bi Gobnait hakielewi hata kidogo, ndiyo raha yake. Akaniuliza kama sasa nimeona.

Nimeona, tena vizuri sana. Kumbe kosa langu ni kwenda na lugha moja! Mwanamke huyu anataka mwanamume wa lugha nyingi. Jumatatu naanza Kigujarati. Yuko mama mmoja Stanmore, Nazneen, anafundisha. Wakirudi nitawajibu wote wawili kwa mpigo.

Haya yote ni kweli. Mashahidi ni Marcelina, aliyenishika mkono mpaka basi likapotea, na yule mwalimu aliyeachwa, atakayewaambia jinsi nilivyokuwa wa kwanza darasani. Sadrudin msimsikilize.